Ruta ya mtumba ya Usita wa Mui, laptopu ya kaka haikuiona hadi fundi alipokuja

Jamani mwenye kutaka ruta ya mtumba (kile kisanduku cha kurusha waifai) hapa Amu, yaani Lamu, asome hii kwanza. Nimenunua moja kwenye duka la simu pale Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, imetoka Ujerumani, haina hata mkwaruzo, na bei sikuilalamikia. Nimefika nyumbani nimeiwasha, simu yangu na ya mama zikashika hapo hapo. Lakini laptopu ya kakangu, aliyoinunua alipokuwa Marekani, haioni kitu, yaani waifai ya jirani yaiona, ya kwetu iliyo juu ya meza mbele yake haioni! Siku tatu twazima twawasha, twabadili paswadi, kaka ashaanza kusema laptopu imekufa.

Nikarudi dukani, na hapa nawasifu, hawakunizungusha, kijana fundi akaja nami hadi nyumbani. Akafungua brauza akaandika anwani ya ruta, 192.168.0.1, akaingia setingi za waifai, kumbe nchi iliyowekwa bado ni Ujerumani na chaneli, yaani njia ya mawimbi ya waifai, imeachwa ijichague yenyewe, nayo ikaenda kukaa 13. Akanieleza vizuri: kwenye masafa ya 2.4 GHz Ulaya hutumia chaneli 1 mpaka 13, Marekani mwisho 11, kwa hivyo laptopu nyingi za kule hazisikilizi 12 wala 13. Akaweka nchi Kenya, ila akasema hiyo peke yake haitoshi maana hata kwetu 13 yaruhusiwa, akachagua 6 kwa mkono, akasevu, ruta ikajiwasha upya na jina la waifai yetu likatokea kwenye laptopu. Kaka alipiga kelele mpaka mama akatoka jikoni.

Nikamuuliza kama twaweza kuweka nchi nyingine nguvu ziongezeke, nishasikia watu wakisema hivyo, akakataa kabisa, kila nchi ina kipimo chake cha nguvu na chaneli zake za 5 GHz, weka nchi uliyopo. Kilichosaidia ni kuitoa ruta chumba cha ndani, hizi kuta zetu za mawe na chokaa ni nene mno, akaileta msanani, ule ukumbi wa mbele unaotazama kiwanda (ua wa ndani ya nyumba), sasa hata juu yafika.

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu haya yote walifaa kunisetia dukani kabla sijaondoka. Na ukiletewa ruta iliyouzwa Marekani uliza kabla hujalipa, nyingi hazikubali kubadilishwa nchi, utakuta pale pa kuchagua pamefungwa.