Programu ya Meeting Guide na kazi ya kumtafutia ndugu mkutano wa AA

Meeting Guide ni programu ya simu isiyolipiwa inayotolewa na ofisi kuu ya AA (Alcoholics Anonymous, chama cha watu wanaosaidiana kuacha pombe) iliyoko New York, na kazi yake kubwa ni kumwonyesha mtu mikutano ya AA iliyo karibu naye, siku na saa zake, na njia ya kufika huko. Nimeitumia hapa Minneapolis kwa ajili ya mdogo wangu, ambaye alitaka kuacha pombe lakini hakutaka Mkenya mwenzake yeyote ajue, na kwa hiyo hatukuweza kuulizia kanisani wala kwenye kikundi cha WhatsApp, ambako habari ya namna hiyo huenea kabla ya jua kuchwa. Naipendekeza kwa moyo wote, ingawa yapo mambo ambayo familia inapaswa kuyafahamu kabla ya kufunga safari.

Sifa yake kubwa ni kwamba haimuulizi mtu yeye ni nani. Alama yake kwenye skrini ni kiti cheupe juu ya rangi ya buluu, bila neno lolote linalotaja pombe au ulevi, hivyo abiria anayekuchungulia simu ndani ya basi hapati cha kusimulia. Hilo linalingana na desturi ya AA yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1935 mjini Akron, jimbo la Ohio, na dalali wa hisa na daktari waliokuwa wote wawili wameathiriwa na pombe: hakuna daftari la wanachama, hakuna ada, na sharti pekee la kujiunga ni nia ya kuacha kunywa. Kikapu cha mchango hupitishwa, lakini mgeni halazimiki kutoa chochote.

Jambo la kuangalia kwa makini ni aina ya mkutano. Mikutano iliyofungwa ni ya wale tu wenye nia ya kuacha pombe, ilhali ya wazi humpokea pia ndugu, mke au rafiki anayetaka kusikiliza. Kwa kuwa mdogo wangu hakuwa tayari kuingia peke yake, tulichagua mkutano wa wazi unaofanyika katika chumba cha chini cha kanisa, jioni baada ya kazi. Mzee mmoja aliyekuwa akipanga viti vya kukunja alimpa mkono, akamuuliza jina lake la kwanza tu, kisha akamwonyesha birika la kahawa. Baadhi ya waliokuwapo walikuwa na karatasi za mahakama za kuthibitisha kwamba wamehudhuria, ambazo katibu wa mkutano aliwatilia sahihi mwishoni, na hakuna aliyewatazama kwa jicho baya. Tulipokuwa tukirudi garini mdogo wangu aliniambia, "Dada, hawakuniuliza hata ninafanya kazi wapi." Kwa mtu aliyezoea kuhojiwa na kila shangazi, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko mafundisho yote ya jioni ile.

Taarifa za programu hii hutoka kwa ofisi za AA za maeneo, zaidi ya 400, na huhuishwa mara mbili kwa siku. Hata hivyo, kikundi kikihama ukumbi na kisitoe taarifa, hakuna mtambo unaoweza kulijua hilo. Orodha nyingine tuliyoitumia hapo awali, ambayo haihusiani na programu hii, ilitufikisha kwenye mlango uliofungwa usiku wa baridi kali. Mtu aliyejikaza wiki nzima ili afike pale, akikuta taa zimezimwa, anaweza kusema kwamba hata Mungu hataki aache, akapitia dukani kununua chupa. Kwa hiyo pigeni simu kwanza katika ofisi ya AA ya eneo lenu, mhakikishe kwamba mkutano upo.

AA si hospitali, na programu haitamtafutia mtu daktari. Anayekunywa kwa wingi kila siku hapaswi kuacha ghafla bila kuonana na daktari, kwa sababu kutetemeka kunaweza kufuatwa na degedege, na degedege hilo linaweza kuua. Hapa Marekani namba ya msaada ya SAMHSA, idara ya serikali inayoshughulikia uraibu na afya ya akili, 1-800-662-4357, hupokewa saa zote bila malipo. Nyumbani Kenya ipo 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, nayo haina malipo.

Kwa ndugu walio nyumbani, wanaoishi mbali na mkutano wowote, njia nzuri ni tovuti ya Online Intergroup ya AA, yenye orodha ya mikutano zaidi ya 1,000 inayofanyika kwa njia ya intaneti. Mtu anaweza kuzima kamera na kusikiliza tu, ilimradi awe na bando la kutosha kwa saa nzima.

Nasi tunaobaki nyumbani tukihesabu chupa na kudanganya waajiri kwa niaba ya wagonjwa wetu tuna mikutano yetu, ya Al-Anon, chama cha jamaa na marafiki wa walevi, kilicho tofauti na AA na kilichoanzishwa mwaka 1951. Msiitafute kwenye Meeting Guide, maana huko imo ya AA peke yake. Al-Anon wana orodha yao katika tovuti yao, na ndiko nilikopata mkutano ninaohudhuria mimi.