Kisu cha mpira au cha plastiki ngumu katika easofti?

Katika easofti, mchezo wa bunduki za kuigiza zinazorusha vigololi vya plastiki, kwa kawaida vya milimita 6, kisu cha mazoezi hutumika kumgusa mpinzani aliye karibu ili atoke mchezoni bila kufyatuliwa, kwa hiyo usalama ndio kipimo cha kwanza. Hapo kisu cha mpira laini kinashinda: kibonyeze ncha yake kwenye kiganja, nacho kitapinda badala ya kuchoma. Hata hivyo, vingine vina kiini kigumu ndani, na hivyo nisingeviruhusu uwanjani hata vikitolewa bure.

Cha plastiki ngumu hudumu zaidi na hukaa imara kwenye ala, lakini kingo zake zikigongwagongwa huota vijimeno vinavyokwaruza ngozi, na dawa yake ni kuzipiga msasa kabla ya kila mchezo. Mpira hauhitaji kazi hiyo, ila ukiachwa juani hukauka na kupasuka, nawe utanunua kingine.

Anayecheza na wageni au vijana achukue cha mpira. Anayejizoeza peke yake kuchomoa kisu alani atafaidika zaidi na cha plastiki, na akipeleke uwanjani pale tu kanuni za hapo zinapokikubali.