Tiketi ya Dar–Guangzhou: njia zilizopo, kuanzia bora hadi ya mwisho

Kutoka Dar es Salaam hadi Guangzhou, China, ni takriban kilomita 8,700 ukinyoosha mstari. Kariakoo watu huulizana bei tu. Mimi naanza na saa, halafu kilo za mzigo, bei baadaye.

Namba moja ni Air Tanzania, Boeing 787 ya moja kwa moja, saa 10 hadi 11 angani. Saa za China ziko mbele ya zetu kwa saa tano, kwa hiyo mtu akiruka saa nne usiku kutoka Terminal 3, anatua kwao mchana, kwenye saa nane hivi. Anafika hotelini mtaa wa Xiaobei, Guangzhou, jua halijazama, na kesho yake asubuhi yuko sokoni. Kasoro yake ni kwamba hairuki kila siku. Kama kiwandani wanakusubiri Jumatatu, tazama kwanza siku za ndege.

Namba mbili ni Ethiopian kupitia Addis Ababa: km 1,760, kisha 8,000 na ushei. Kipande kirefu kinakuja kwa mkupuo, unalala. Emirates kupitia Dubai inafika jumla ileile, kama km 9,800, ila imekatwa 4,000 na 5,800, usingizi unakatika katikati. Naiweka ya tatu, isipokuwa kwa mwenye shughuli Deira, eneo la masoko la Dubai. Huyo ashuke, amalize manunuzi, aendelee. Viza ya Dubai aishughulikie kabla ya kuondoka.

Qatar kupitia Doha ni kama km 10,000, haina tofauti kubwa na Dubai. Nairobi kwenye ramani ndiyo fupi kuliko zote za kuunganisha, km 9,350 hivi, lakini ufupi huo unaweza kuishia kwenye benchi la uwanja wa Jomo Kenyatta. Soma muda wa kusubiri kabla hujafurahia bei.

Ya mwisho ni Istanbul. Unapanda kaskazini hadi Uturuki ndipo ugeuke mashariki: km 13,300, yaani 4,600 zaidi ya njia ya moja kwa moja. Labda bei iwe imeanguka kweli.

Sasa kilo, maana faida ya safari huliwa hapa. Tiketi ya mabegi mawili ya kilo 23 inakupa 46. Ya kilo 30 ni 30 tu, hata ikiwa nafuu kidogo. Muulize wakala kuhusu mzigo wa kurudi, maana ndio wenye sampuli za bidhaa, na begi moja lisipite kilo 32.

Wakala akikuuzia tiketi mbili zisizoungana, kataa. Ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni ya pili huidai kitu wala haikujui. Na kwa Aprili na Oktoba, msimu wa maonyesho ya biashara ya Canton huko Guangzhou, nunua wiki kadhaa kabla.