Uzoefu wangu na albamu ya Stuart Dempster iliyorekodiwa ndani ya tangi la maji

Msikilizaji aliyeizoea tromboni, ile tarumbeta kubwa yenye mrija wa kuvutwa, katika gwaride la bendi ya polisi, au katika safu ya mapulizo ya bendi za dansi, hatapata pa kushika katika dakika za mwanzo za Underground Overlays from the Cistern Chapel, albamu ya Mmarekani Stuart Dempster iliyotolewa na kampuni ya New Albion mwaka 1995. Hakuna mdundo wala kiitikio. Kipande cha kwanza kinafunguliwa kwa mlio wa kome la baharini, na tromboni zinapoingia baadaye haziingii kwa kishindo, bali hujikusanya pole pole hadi mtu ashindwe kusema ni wapi mpigaji mmoja ameishia na mwingine ameanzia.

Sababu yake ni mahali penyewe. Dempster na kundi la wapiga tromboni walishuka katika tangi kubwa la maji, lisilotumika tena, lililojengwa chini ya ardhi katika iliyokuwa ngome ya kijeshi ya Fort Worden, mjini Port Townsend, jimbo la Washington. Tangi hilo lilikuwa na uwezo wa kuhifadhi maji yapatayo lita milioni 7.5, na kwa kuwa sasa ni tupu, sauti inayotolewa humo huchukua sekunde 45 hivi kabla ya kufifia. Mpigaji akitoa noti ya kwanza, kisha ya pili na ya tatu, ile ya kwanza bado imo hewani, hivyo mtu mmoja hujijengea kwaya yake mwenyewe. Akikosea, hana namna ya kulifuta kosa. Atalisikia pamoja na kila noti itakayofuata. Ndiyo maana muziki huu unakwenda taratibu: wimbo wa haraka mahali kama hapo ungegeuka kuwa ghasia tupu.

Kwa maoni yangu, albamu hii haieleweki vizuri bila kujua alikotoka mwenyewe. Dempster alizaliwa Berkeley, California, mwaka 1936, na katika miaka ya 1960 jina lake lilijulikana kwa kuwaomba watunzi waiandikie tromboni mambo ambayo haikuwahi kuombwa. Luciano Berio alimtungia Sequenza V mwaka 1966, kazi ambayo mpigaji hulazimika kutumia sauti yake mwenyewe pamoja na ala, na katikati hutamka neno moja la Kiingereza lenye maana ya "kwa nini?". Robert Erickson naye alimtungia General Speech mwaka 1969, ambamo hotuba ya Jenerali Douglas MacArthur wa jeshi la Marekani inasemwa kupitia tromboni, silabi kwa silabi, na mpigaji akiwa amevaa mavazi ya kijenerali. Dempster alifundisha Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, tangu mwaka 1968, na mwaka 1979 alichapisha kitabu kuhusu mbinu mpya za ala hiyo, The Modern Trombone. Alijifunza pia dijeridu, ala ya wenyeji wa asili wa Australia, ambayo hupigwa bila kukata pumzi: hewa huvutwa puani huku mashavu yakiendelea kusukuma nje ile iliyobaki mdomoni. Wapiga zumari wa pwani yetu wanaijua sana kazi hiyo, na nadhani wao wangemwelewa Dempster upesi kuliko wahitimu wengi wa vyuo vya muziki.

Ajabu ni kwamba mtu mwenye mbinu zote hizo, katika tangi hili, anaonyesha chache mno. Katika kipande cha Didjerilayover, dijeridu inanguruma chini kabisa, na ukisikiliza kwa spika ya simu hutasikia lolote isipokuwa mkwaruzo mwembamba. Nilipovaa hedifoni nzuri nilisikia zile sauti nyembamba za juu zinazozaliwa ndani ya ule mngurumo, zikipanda na kushuka kadiri mpigaji anavyobadili umbo la mdomo.

Lalamiko langu ni kuhusu mafaili niliyouziwa mara ya kwanza na duka moja la mtandaoni. Yalikuwa yamebanwa mno, yaani yamepunguzwa ukubwa kwa kutupa sehemu ya sauti, na uzuri wote wa rekodi hii umo katika mkia wa sauti, pale inapokaribia kimya. Hapo ndipo mafaili hayo yalipotoa chengachenga kama redio iliyopoteza stesheni. Baadaye nilipata CD, na mkia ule ukasikika laini hadi mwisho. Anayenunua kwa njia ya mtandao na atafute faili lisilobanwa, hata kama ni zito.

Kipande cha Melodic Communion nakiona kirefu kupita haja yake, na mara nyingi nakiruka. Hata hivyo, mwenye fedha za albamu moja tu ningemshauri achukue hii kabla ya In the Great Abbey of Clement VI, aliyoirekodi Avignon, Ufaransa, mwaka 1976, ambako mwangwi ni sekunde 14 tu na mpigaji yuko peke yake. Mwanafunzi wa tromboni anayetaka kusikia midomo, ulimi na mrija vikifanya kazi asinunue yoyote kati ya hizo mbili. Atafute kwanza rekodi ya Sequenza V.