Gego wametoa vizuri, uzi wakaniachia mdomoni

Kung'oa kwenyewe pale kliniki ya meno sina lawama, nianze na hilo. Gego la mwisho chini kulia lilikuwa limelala ubavu ndani ya fizi, daktari akanichoma ganzi, akachana fizi, akalikata jino vipande akatoa kimoja kimoja, akashona nyuzi tatu. Sikusikia zaidi ya taya kuvutwavutwa. Anaongea na wewe taratibu, anakwambia sasa utasikia kitu kinalia usiogope. Mpaka hapo ningewapa nyota zote.

Shida ni uzi. Natoka nimeng'ata gozi, kile kitambaa cha kuzuia damu, mdomo mzito siwezi hata kuongea, dada wa mapokezi akanipa dawa akasema nyuzi zitayeyuka zenyewe. Basi, hakuna lingine. Kesho yake nikaanza kusukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi, mrija sikugusa maana ukifyonza lile donge la damu linaweza kung'oka shimo likabaki mfupa wazi, nikala uji na mtori siku kibao. Uvimbe ukashuka. Kwenye shimo kukatanda kitu cheupecheupe nikaogopa nikajua usaha, kumbe ndo kidonda kinavyojijenga, ukikwangua unajiharibia mwenyewe.

Wiki ikapita, ya pili nayo inaelekea kuisha, uzi uko palepale. Namulika na tochi ya simu kwenye kioo naona vifundo vitatu vyeusi, ncha zimesimama zinanichoma ulimi kila nikimeza, na chini ya kimoja punje ya wali imenasa haitoki hata nisukutue vipi. Fizi pembeni imekuwa nyekundu, mdomo umeanza kutoa harufu.

Nikarudi. Dada yuleyule, hata uso hakuninyanyulia, "Kwani daktari alikwambia urudi?" Nikamwambia dada uzi hautoki. "Kaka si nilishakwambia utatoka wenyewe, mtu mzima unaogopa uzi?" Foleni nzima ikanigeukia. Halafu eti nikitaka kumuona daktari nilipe elfu ishirini upya. Yani nilipie kutolewa uzi walionishona wao! Nililipa huku mikono inatetemeka kwa hasira.

Daktari kunifungua tu mdomo akashtuka. "Huu ni uzi wa hariri, hauyeyuki huu, ulitakiwa urudi baada ya wiki, ukikaa sana unashika uchafu." Kibanio, mkasi mdogo, chap, zote tatu zikalala kwenye gozi. Akanisafisha, akaniomba radhi yeye ambaye hakunikosea sana, akasema nirudishiwe hela yangu. Nafika mapokezi naambiwa mhasibu katoka. Mpaka leo mhasibu katoka.

Siku chache mbele wekundu ukaisha, harufu ikaisha, sasa nakula hata mahindi ya kuchoma.

Nilitaka niandike msikanyage pale kabisa, ila nikisema hivyo namuonea daktari, mkono kama ule haupatikani kirahisi. Labda nyota tatu. Hapana, nikikumbuka "mtu mzima unaogopa uzi" mbele za watu, na mimi ndo nilikuwa sahihi, na pole sijapewa, nyota moja, na hiyo moja ni ya daktari peke yake. Gego la kushoto nalo limelala vilevile na linataka kung'olewa. Nikijua tu yule daktari anafanyia wapi kwingine namfuata hukohuko.