mkimage ya U-Boot: imeji inatoka sahihi, pa kuiandika ujue mwenyewe

Ukijenga butiloda (programu inayopakia keneli umeme ukiwaka) ya bodi yenye prosesa ya Rockchip, Allwinner au i.MX, utakutana na mkimage, zana ya mradi wa butiloda wa U-Boot, upende usipende. Umeme ukiwaka, inayoanza kazi ni ROM iliyomo ndani ya chipu, na kila kampuni imeipangia ROM yake alama ya kutafuta mwanzoni mwa butiloda. Isipoiona, inahamia kifaa kingine cha kuhifadhia, na kwenye konsoli ya siriali hutaona hata herufi moja. mkimage ndiyo inayoweka kichwa chenye alama hiyo, na kwa kazi hii hakuna programu ya bure ninayoiamini zaidi.

Kwenye Debian na Ubuntu: `apt install u-boot-tools device-tree-compiler`. Kifurushi cha pili usikiache, maana ukitumia `-f` mkimage inaiita dtc, kikompaila cha device tree (maelezo ya vifaa vya bodi). Shida ya vifurushi ni uzee. Debian 11 inatoa toleo la 2021.01, ambalo chipu ya Rockchip RK3588 halijui kabisa. Kwa chipu mpya chukua msimbo wa U-Boot, endesha `make tools-only_defconfig` kisha `make tools-only`, utaikuta kwenye `tools/mkimage`. Amri ya `mkimage -T list` itakuonyesha aina zote inazozimudu.

Mfano wa chipu ya Rockchip RK3399, kadi ya SD (TPL na SPL ni hatua ndogo za kwanza za butiloda, TPL ikitangulia):

`mkimage -n rk3399 -T rksd -d tpl.bin:spl.bin idbloader.img`

Hapa inafanya kazi nzuri sana. Inaweka alama ya RK33, inasimba kichwa kwa RC4 kama ROM inavyotaka, na faili la kwanza (hapa TPL) likizidi nafasi ya SRAM, kumbukumbu ndogo ya ndani ya chipu, inakataa papo hapo badala ya kukuachia imeji isiyowaka. Lawama yangu ni kwa `-n`. Kwa Rockchip ni jina la chipu, kwa imximage ni faili la mipangilio, na kwa uImage, umbizo la zamani la U-Boot, ni jina tu la kusomwa na mtu. Anayenakili amri ya bodi nyingine bila kuisoma hujikwaa hapo.

Kuandika kwenye kadi si kazi ya mkimage, na ndipo wengi wanapopotea. Rockchip: `dd if=idbloader.img of=/dev/sdX seek=64 conv=fsync`, kisha u-boot.itb (U-Boot yenyewe) kwa `seek=16384`. Ukihamia flashi ya SPI, tumia `-T rkspi`, usipeleke ile ya rksd. ROM ya RK3399 husoma KB 2 za kwanza tu za kila KB 4 za SPI, kwa hiyo rkspi inaacha mapengo makusudi. Imeji ya kadi ikipelekwa huko, nusu yake haisomwi.

Allwinner huisoma SPL kuanzia KB 8, na i.MX6 kuanzia KB 1. Jedwali la GPT la kawaida (orodha ya sehemu za kadi) linakalia sekta ya 2 hadi ya 33, yaani mpaka KB 17. Ukiandika butiloda unaharibu jedwali. Ukigawa kadi upya unaharibu butiloda. Tumia MBR, jedwali la zamani linalokaa sekta ya kwanza tu, au kwa Allwinner kama H3 na A64, andika kwenye KB 128, ambako ROM zake pia hutafuta.

Upande wa FIT yenye saini (faili moja linalobeba keneli na dtb, yaani device tree iliyokompailiwa) nausifu bila kusita, mradi bendera moja isisahaulike:

`mkimage -f imeji.its -k funguo -K u-boot.dtb -r imeji.itb`

Bila `-r`, ufunguo wa umma unaingia kwenye u-boot.dtb lakini haudaiwi, na keneli isiyo na saini itawaka kama kawaida. Saini iwekwe kwenye usanidi (kundi la keneli na dtb yake), si kwenye imeji mojamoja tu, la sivyo mtu anaweza kuchanganya keneli moja na dtb ya nyingine, zote zikiwa na saini halali. Kisha butiloda ijengwe upya ikiwa na dtb hiyo iliyoongezewa ufunguo.

Kabla ya kugusa kadi, endesha `mkimage -l idbloader.img`. Jibu likisema ni imeji ya Rockchip RK33 ya SD/MMC na bodi bado iko kimya, acha kuhangaika na umbizo, kagua sekta uliyoandikia.