Scrivener 3 kwa anayetaka rasimu ya riwaya ya upelelezi ndani ya mwezi mmoja

Riwaya ya upelelezi ni hadithi mbili kwa pamoja: jinsi mauaji yalivyotokea, na jinsi mpelelezi anavyoyafumbua. Mpangilio wa hizo mbili haufanani hata kidogo, na ndipo wanaoandika kwa kasi wanapokwama. Mtu anayetoa maneno elfu moja na mia kadhaa kwa siku hawezi kila saa kurudi nyuma kuhakikisha kama mlinzi alikuwa getini saa nne usiku au saa tano. Kwa kazi hiyo ya kutoa rasimu ya kwanza haraka bila kupoteza uzi wa kesi, Scrivener, programu ya kompyuta ya kuandikia vitabu, ni chombo kizuri sana. Kwa kazi zinazofuata baada ya rasimu ni dhaifu, na anayeinunua ajue hivyo mapema.

Programu hii inatoka kwa Literature & Latte ya Uingereza. Bei yake ni takriban dola 60, unalipa mara moja, hakuna ada ya kila mwezi. Leseni ya Mac haifungui ya Windows. Majaribio ya bure ni siku 30, lakini zinahesabiwa zile tu ulizoifungua. Anayeandika Jumamosi na Jumapili peke yake ana wiki 15, muda unaotosha kumaliza rasimu nzima kabla ya kutoa senti.

Muswada haukai kama faili moja refu. Kila onyesho ni hati yake, zote zimepangwa upande wa kushoto, na unazihamisha kwa kuziburuta. Uzuri wake unaonekana ukiongeza vitu vitatu kabla ya kuandika neno la kwanza.

Cha kwanza ni tarehe ya tukio. Kwenye mipangilio ya mradi, sehemu ya Custom Metadata, tengeneza uga wa aina ya tarehe, uuite "Lilitokea lini", na uchague muundo wenye saa na dakika. Kila onyesho lipewe wakati lilipotokea kweli, hata kama msomaji atalikuta sura kumi baadaye. Kisha fungua Outliner, yaani jedwali la maonyesho yote, na ubofye kichwa cha safu hiyo. Maonyesho yanajipanga kwa mfuatano wa uhalifu wenyewe, huku mpangilio wa muswada ukibaki ulivyo. Hapo makosa yanajitokeza yenyewe: dereva anaaga Ubungo saa mbili kasoro robo usiku, shahidi analiona gari lake Chalinze saa mbili kamili. Hizo ni karibu kilomita mia, na hakuna gari la kuzikata kwa robo saa. Andika saa kwa mtindo wa saa 24, yaani saa mbili usiku iwe 20:00. Ukiingiza 2:00 kwa mazoea ya Kiswahili, onyesho la saa mbili usiku linarukia saa nane usiku na mfuatano wote unavurugika.

Cha pili ni madokezo. Kila dokezo lipe Keyword yake, yaani neno la kulitafutia: kifungo cha shati, risiti ya mafuta, namba ya simu isiyopokelewa. Tafuta neno hilo na uhifadhi utafutaji kama Collection, yaani orodha ya maonyesho yenye neno hilo. Ukikuta Collection ina onyesho moja tu, ama umelipanda dokezo na kulisahau, ama mpelelezi amelitumia bila msomaji kuwahi kuliona. Kosa hili la pili msomaji wa riwaya za upelelezi halisamehe, na ndilo linalowapata zaidi wanaoandika mbio, kwa sababu suluhisho huwajia katikati ya kazi na hawarudi kulipanda.

Cha tatu ni washukiwa. Kila mmoja apewe Label yenye rangi yake, kisha kwenye ubao wa kadi chagua mpangilio wa kufuata Label. Kila mshukiwa anapata mstari wake. Mstari ukikaa mtupu kwa maonyesho manane, msomaji ameshamsahau mtu huyo, na siku atakapofichuliwa kuwa ndiye muuaji hakuna atakayeshtuka.

Sasa mwendo. Dirisha la Project Targets linataka jumla ya maneno, tarehe ya mwisho na siku za wiki unazoandika, halafu linapiga hesabu lenyewe. Maneno 40,000 kwa wiki nne, ukipumzika Jumapili, ni siku 24, yaani 1,667 kwa siku. Ukizikosa siku mbili za mwanzo, lengo la siku linapanda kuwa 1,818. Kuona namba ikipanda hivyo kunasaidia kuliko kujiambia utafidia kesho. Wakati wa rasimu ya kwanza zima chaguo la Allow negatives, ili hesabu ya siku isishuke chini ya sifuri unapofuta aya. Kipande usichokitaka usikifute, kipeleke kwenye folda iliyo nje ya Draft, yaani folda ya muswada wenyewe. Na usichukue lengo kutoka vitabu vya Kiingereza bila kulipima. "Hakumwambia" ni neno moja kwetu, wao wanahitaji manne au zaidi. Riwaya ya maneno 80,000 ya Kiingereza ikiandikwa kwa Kiswahili ina maneno machache zaidi kwa wazi, na anayelazimisha 80,000 ataishia kujaza maelezo yasiyohitajika.

Kinachoua kasi ni utafiti wa ghafla. Umefika mtuhumiwa anapofikishwa mahakamani na hukumbuki utaratibu wa muda wa kumshikilia. Ukifungua intaneti, asubuhi imekwisha. Bonyeza Ctrl+Shift+A (kwenye Windows), andika "hakiki muda wa mahabusu", endelea na onyesho. Maandishi hayo yanazungushiwa duara jekundu na unaweza kuyaondoa utakapotoa muswada. Ukimaliza rasimu, Find by Formatting inakupitisha kwenye kila pengo, moja baada ya jingine. Kabla ya kubadilisha onyesho gumu, Ctrl+5, pia kwenye Windows, inahifadhi nakala yake ya wakati huo.

Ukaguzi wa tahajia uliowekwa kwa Kiingereza hauelewi Kiswahili. Usipouzima, ukurasa mzima unapigwa mistari myekundu, na usahihishaji wa papo hapo unaweza kuyageuza maneno yako kuwa ya Kiingereza. Zima vyote viwili siku ya kwanza. Zima pia alama za nukuu na ritifaa zilizopinda: "ng'ambo" iliyoandikwa kwenye simu na ile ya kwenye kompyuta zinaweza kuwa na ritifaa mbili tofauti, na utafutaji ukaikosa mojawapo. Kuzigeuza zote mara moja mwishoni ni kazi ya dakika.

Umeme ukikatika, hasara ni ndogo, kwani inahifadhi kila unaponyanyua mikono kwa sekunde mbili. Hatari iko kwenye nakala rudufu. Kwa kawaida inazitengeneza unapofunga mradi, na wengi huacha mradi wazi wiki nzima huku kompyuta ikilala tu. Washa chaguo la kutengeneza nakala kila unapohifadhi mwenyewe, weka zibaki 25, na folda yake iwe mahali pengine, hata flashi. Kumbuka pia kwamba mradi wa .scriv ni folda yenye vipande vingi. Ukimtumia mtu bila kuufunga kwanza kuwa zip, vipande hupotea njiani. Ukitumia Dropbox, subiri imalize kupakia kabla ya kuwasha kompyuta ya pili. Google Drive watengenezaji wenyewe wanaonya usiiwekee mradi unaoufanyia kazi.

Upungufu mkubwa kwa wasomaji wengi wa hapa ni huu: toleo la simu lipo kwa iPhone na iPad tu. Mwenye Android atumie Sync with External Folder, inayotoa kila onyesho kama faili la .txt ndani ya Dropbox. Anaandika kwa programu yoyote ya maandishi na kurudisha baadaye. Inafanya kazi, ila ina hatua nyingi, na anayeandika sehemu kubwa ya kitabu kwenye daladala hatafurahi. Asiye na dola 60 na anatumia Windows aijaribu yWriter, ya bure, inayogawa maonyesho vilevile.

Mwisho kuna Compile, sehemu ya kuunganisha maonyesho kuwa faili moja la muswada, nayo huwakatisha tamaa watu. Tatizo karibu siku zote ni moja: muswada unatoka bila vichwa vya sura kwa sababu folda na maonyesho hayajaunganishwa na muonekano. Bofya Assign Section Layouts, folda zipe muonekano wenye kichwa cha sura, maonyesho yape usio na kichwa, chagua .docx. Mara faili hilo likienda kwa mhariri, masahihisho yote yafanyike kwenye Word, kwa sababu Scrivener haisomi mabadiliko ya mhariri kwa njia inayokubalika na haikuundwa kwa watu wawili kufanyia kazi muswada mmoja.